Hospitali mpya ya wilaya: namna ya kupita kuanzia getini hadi dirisha la dawa

Kila wiki naulizwa maswali yale yale. Pale hospitali mpya naanzia jengo lipi? Mbona hawapokei hela mkononi? Mama ana miaka sabini na mbili, kwa nini kaambiwa alipie kipimo? Nimekaa kwenye benchi tangu saa mbili, jina halijaitwa, nifanyeje?

Nimekuwa nikimpeleka mama yangu kliniki ya presha na sukari kila mwezi, tangu enzi za jengo la zamani ambapo daktari, maabara na dawa vilikuwa kwenye korido moja. Sasa hospitali imepanuka na ina vipimo ambavyo zamani tulivifuata mkoani. Lakini bado nawaona watu wakirudi nyumbani jioni bila kile walichokifuata. Huduma ipo, wameruka hatua moja ndogo na siku ikaishia hapo. Hatua zenyewe nimezipanga hapa chini kwa ajili yako unayekwenda mara ya kwanza, na kwa ndugu anayemsindikiza mgonjwa.

Mwongozo huu unahusu hospitali za halmashauri Tanzania Bara, hasa zile zilizoanza kujengwa mwaka wa fedha 2018/19, serikali ilipoanza na hospitali 67 kwa mkupuo, kila moja kwa shilingi bilioni 1.5 za mwanzo. Nyingi zilianza na majengo saba yaliyoachana: wagonjwa wa nje, maabara, mionzi, dawa, wodi ya wazazi, utawala na kufulia. Baadaye nyingine zikaongezewa jengo la dharura kwa fedha za mpango wa UVIKO-19 wa mwaka 2021. Ndiyo maana utatembea sana, na ndiyo maana mgonjwa asiyejiweza usimpeleke peke yake. Ukifika getini omba kiti cha magurudumu hapo hapo.

Kabla hujatoka nyumbani

Weka vitu hivi kwenye mfuko mmoja:

- Kitambulisho au namba ya NIDA. Kwa mtoto, kadi yake ya kliniki.
- Kadi ya bima, kama unayo.
- Simu yenye chaji na salio la kulipia kwenye akaunti ya simu, si noti tu.
- Karatasi za matibabu ya nyuma: majibu ya vipimo, barua ya rufaa kutoka zahanati au kituo cha afya, daftari la kliniki.
- Dawa zote anazotumia mgonjwa, na maboksi yake. Usiseme "kile kidonge cheupe kidogo". Vidonge vyeupe vidogo viko vingi.
- Maji ya kunywa na chakula kidogo, hasa kwa mgonjwa wa sukari.
- Kalamu.

Kuhusu muda: kliniki maalumu zina siku zake. Presha na sukari huenda ni Jumanne, macho Alhamisi, na hospitali ya jirani ikawa na ratiba nyingine kabisa. Muulize aliyekwenda wiki iliyopita au soma ubao wa mapokezi. Nimewahi kumkuta baba mmoja ametoka kijijini kwa nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi, akakuta daktari wa macho alikuwepo jana yake.

Hatua

1. Kwanza jiulize: hii ni dharura?

Ikiwa mgonjwa anapumua kwa shida, amepoteza fahamu, ana degedege, anatoka damu nyingi, ana maumivu makali ya kifua, au upande mmoja wa mwili umelegea ghafla, usipange foleni ya usajili. Nenda moja kwa moja jengo la dharura; vibao vingi vimeandikwa EMD. Hali kadhalika mjamzito anayetoka damu, au mtoto mchanga aliyeacha kunyonya. Pale wauguzi humpima mgonjwa kwa haraka na kumpanga kwa rangi kulingana na hali yake: mwekundu anahudumiwa sasa hivi, wa njano anafuata, wa kijani anaweza kusubiri. Wewe unayemsindikiza utakwenda kuandikisha jina wakati mgonjwa tayari yuko kitandani.

Kama mjamzito au mama aliyejifungua amepatwa na dharura nyumbani na huna usafiri, piga 115. Ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, unaotuma gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Iandike kwenye simu yako leo, mimba ikiwa bado changa.

Kosa linaloumiza: kumleta mtu wa dharura kisha kumkalisha kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje kwa sababu "ndiko watu walikokaa". Ukiwa na shaka, mshike muuguzi yeyote mkono umwambie, "Naomba umwangalie huyu."

2. Jisajili mapokezi

Kama si dharura, anzia jengo la wagonjwa wa nje. Utataja jina, umri, kijiji au mtaa, namba ya simu na aina ya malipo. Utapewa namba ya faili. Siku hizi taarifa nyingi zinaingizwa kwenye kompyuta, kwa hiyo hutaona jalada la kaki. Faili lako ni ile namba.

Taja jina lile lile kila unapokwenda. Leo ukijiita Mwanaidi Juma na mwezi ujao Mama Hamisi, utakuwa na mafaili mawili, na daktari ataona nusu ya historia yako. Ipige picha namba hiyo. Mama yangu alikuwa akiifunga ile karatasi kwenye pindo la khanga, na karatasi zile za mashine ya risiti zinafifia haraka zikipata joto na jasho. Siku moja tulifungua pindo tukakuta karatasi nyeupe tupu.

3. Sema mapema kama una bima au unastahili msamaha

Hili lifanyike kabla bili haijatengenezwa. Bili ikishatoka kama ya mtu anayelipa mwenyewe, kuibadilisha ni safari nyingine ya dirisha hadi dirisha.

Mwenye bima aende dirisha la bima kadi yake ihakikiwe. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii iliyoanza 2018, ilikatwa kwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita katika mikoa mingi. Baada ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 utaratibu unabadilika, kwa hiyo muulize ofisa wa dirisha hilo kifurushi kinachotumika sasa na huduma zinazoingia. Usisubiri uugue ndipo uanze kuuliza.

Kwa sera ya afya, wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wanatibiwa bila malipo. Matibabu ya kifua kikuu, ukoma na VVU nayo hayalipiwi. Hapo kwa wazee ndipo penye mkanganyiko: watu husikia "wazee bure" wakaacha maneno "wasio na uwezo". Umri peke yake hautoshi. Mzee anatakiwa kutambuliwa, ama kwa kitambulisho cha matibabu cha wazee kilichotolewa na halmashauri, ama kwa barua ya serikali ya kijiji au mtaa. Chukua barua hiyo nyumbani, siku mzee akiwa mzima. Ukifika nayo hospitalini, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, na kuanzia hapo tumia dirisha la wazee. Mtu yeyote asiye na uwezo kabisa, hata kama ni kijana, naye anapita ofisi hiyo hiyo aeleze hali yake.

4. Lipa kwa namba ya malipo

Hospitali za serikali hukusanya fedha kwa namba ya malipo, ambayo wengi tunaiita kontroo namba. Ina tarakimu 12, na kwa kawaida huanza na 99. Ukitumiwa au ukiandikiwa:

a) Fungua menyu ya huduma ya fedha kwenye simu yako, chagua kulipa bili, kisha malipo ya serikali.
b) Ingiza namba, uisome tena tarakimu moja moja.
c) Weka kiasi kile kile kilichoandikwa. Ukiweka pungufu, malipo yanaweza kukataliwa.
d) Hakiki jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri.
e) Subiri ujumbe wa kuthibitisha. Usiufute mpaka uwe umeshafika nyumbani.

Huna akaunti ya simu? Mwambie mhasibu, kwa kawaida kuna wakala wa simu au wa benki karibu na geti. Mpe wakala ile namba, usimpe simu wala namba yako ya siri. Na usimpe hela mtu aliyesimama kwenye korido anayesema atakulipia haraka, hata kama amevaa koti jeupe.

Utalipa zaidi ya mara moja: kumwona daktari, kisha vipimo, kisha dawa. Kila bili ina namba yake. Kosa la kila siku ni mtu kuilipia tena ile namba ya asubuhi akidhani inatosha kwa siku nzima.

5. Kupimwa uzito na presha, kisha kumwona daktari

Muuguzi atapima joto, uzito na presha. Kaa kwanza angalau dakika tano kabla ya kufungiwa kile kitambaa cha mkononi. Nalisema hili kwa kulijua: mwezi mmoja tulichelewa, mama akatembea mbio kutoka getini, mashine ikasoma 178. Muuguzi, Mungu ambariki, hakuandika. Alimkalisha karibu na dirisha, akamwambia ashushe mabega, miguu ikae sakafuni, asiongee. Baada ya muda akapima tena ikasoma 146. Tofauti hiyo inaweza kumbadilishia mtu dawa.

Usiache kumeza dawa ya presha asubuhi ya kliniki eti daktari aone presha halisi. Daktari anataka kujua dawa inafanyaje kazi ukiwa umeimeza.

Ndani kwa daktari anza na kinachokusumbua zaidi, na tangu lini. Taja dawa za mitishamba ulizotumia, taja mimba, taja mzio. Waambie na zile ulizonunua duka la dawa baridi. Kabla hujatoka uliza: napimwa nini, na majibu nayarudisha kwako au chumba kingine?

6. Vipimo

Hapa ndipo hospitali mpya zimetusaidia kuliko sehemu nyingine yoyote, na ndipo watu wengi wanapopoteza siku kwa kutojiandaa. Soma sehemu hii hata kama nyingine unaziruka.

*Sukari ya kabla ya kula.* Usile kwa saa nane au zaidi, maji unaruhusiwa. Chai bila sukari yenye maziwa bado ni chakula. Anayechoma insulini aulize kliniki yake mapema afanyeje asubuhi hiyo, asijiamulie mwenyewe. Fika mapema utolewe damu, kisha kula pale pale.

*Mkojo.* Mwaga wa kwanza kidogo chooni, kinga wa katikati, kopo lisiguse mwili.

*Makohozi.* Yanatakiwa yatoke kifuani kwa kukohoa kwa nguvu. Mate hayapimiki, na mtu anaweza kuambiwa hana kifua kikuu kumbe alitema mate. Toa ukiwa nje penye hewa, mbali na watu.

*Ultrasaundi.* Inategemea wanaangalia nini. Kama ni nyonga, mfuko wa uzazi au mimba changa, kibofu kiwe kimejaa: kunywa karibu lita moja ya maji saa moja kabla na usikojoe. Kama ni ini na kifuko cha nyongo, uwe hujala kwa saa sita hadi nane. Muulize daktari ni ipi kati ya hizo. Nimeona akina mama wakipanga foleni saa mbili, wakifika mlangoni wanaambiwa "kanywe maji urudi", wenzao wote wanawapita.

*Eksirei.* Vua mkufu, hereni, sidiria yenye chuma, na toa sarafu mfukoni. Mwanamke aliye mjamzito, au anayehisi huenda ni mjamzito, aseme kabla ya kuingia chumbani hata kama hakuulizwa. Kwenye mashine za kisasa picha inaingia kwenye kompyuta, hivyo unaweza kutoka mikono mitupu bila ile filamu nyeusi. Usigombane nao, uliza tu kama daktari wako anaiona kwenye mfumo, na kama unapelekwa kwingine omba nakala.

Kipimo cha CT Scan usikitegemee hospitali ya wilaya. Hicho mara nyingi kipo hospitali ya rufaa ya mkoa, na utakwenda kwa barua ya rufaa.

7. Rudi kwa daktari

Majibu ya maabara yasikupeleke duka la dawa. Watu wengi wakishaona karatasi imeandikwa maambukizi, wanapita nje kununua antibiotiki. Rudi chumba kile kile, hata kama foleni inakukera. Kwa kawaida anayerudisha majibu hapangi foleni upya. Mwambie muuguzi wa mlangoni.

8. Dawa

Dirishani hesabu dawa mbele ya mfamasia, uliza ngapi, mara ngapi, kabla au baada ya kula, na kwa siku ngapi. Kama mgonjwa hajui kusoma, omba zichorewe alama za jua na mwezi kwenye bahasha, au zichore mwenyewe kwa ile kalamu. Dawa zenye alama ya GOT ni mali ya serikali na haziuzwi kwenye maduka binafsi.

9. Ukilazwa au ukipangiwa upasuaji

Ndugu mmoja abaki kama msemaji, namba yake iandikwe kwenye faili. Soma fomu ya ridhaa au uombe usomewe, ndipo utie sahihi. Ndugu wanaweza kuombwa kuchangia damu: mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na awe mzima wa afya. Damu haiuzwi. Saa za kutazama wagonjwa zimebandikwa getini. Ziheshimuni, maana wodi inafanyiwa usafi na madaktari wanapita.

Mama akijifungua, msiondoke wodini bila tangazo la kizazi. Ndilo mtakaloombea cheti cha kuzaliwa.

10. Kabla hujapita geti la kutokea

Hakikisha una tarehe ya kurudi, dawa, na kama umepewa rufaa, barua yenye mhuri. Ukienda hospitali ya mkoa bila barua unaweza kurudishwa, na bima inaweza kukataa.

Ukikwama

*Namba ya malipo inakataa.* Soma upya tarakimu na kiasi. Kama ni sahihi, huenda muda wake umekwisha. Rudi dirishani utengenezewe nyingine.

*Umelipa lakini kwenye kompyuta hawaoni.* Usilipe mara ya pili. Mwonyeshe mhasibu ujumbe wa simu wenye namba ya muamala, asubiri mfumo usome. Ikipita nusu saa, mwombe awasiliane na wahusika wa mfumo, na kama mgonjwa hali yake si nzuri sema wazi ili aendelee kuhudumiwa.

*Umeme au mtandao umekatika.* Kazi hurudi kwenye karatasi. Tunza kila kikaratasi, na mwezi ujao hakikisha vimeingizwa kwenye faili lako.

*Jina halijaitwa muda mrefu.* Baada ya saa moja nenda mapokezi na namba ya faili, uulize kwa utulivu jina lako limepelekwa chumba namba ngapi. Mara nyingi utakuta umekaa mlango wa chumba kingine.

*Dawa haipo.* Omba cheti cha dawa kilichoandikwa vizuri, uulize kama kuna mbadala uliopo dirishani, kwa maana daktari anaweza kubadilisha. Mwenye bima aulize anaruhusiwa kuichukua duka gani.

*Mashine mbovu au mtaalamu hayupo.* Uliza itatengemaa lini au atakuja siku gani, uandike. Kama haiwezi kusubiri, omba rufaa siku hiyo hiyo.

*Umeombwa hela mkononi.* Jibu, "Naomba namba ya malipo." Akisisitiza, nenda kwa mganga mfawidhi, namba yake ya simu huwa imebandikwa ukutani karibu na mapokezi. Usiposikilizwa, mfuate mganga mkuu wa wilaya pale halmashauri, au piga TAKUKURU 113, bure. Eleza siku, saa na dirisha. Mimi niliwahi kulipa kimya kimya kwenye hospitali moja nikiogopa mama asije akacheleweshewa matibabu, na kilichoniuma zaidi ni kwamba waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni waliona, nao wakatoa.

*Swali la afya ukiwa nyumbani, hujui kama uende au usiende.* Piga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya. Ni bure.

*Namba ya faili imepotea.* Usijisajili upya. Taja jina lako kamili, mwaka wa kuzaliwa na namba ya simu uliyoandikisha mara ya kwanza, karani atalitafuta. Likipatikana, ipige picha mara hii, umtumie na mwanao.